Sarafu za Kumuaga Mzee

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimtajia sarafu alifunguka. Ofisi yetu ilikuwa Upper Hill, kampuni ya udalali wa bima, na katika chumba cha uhasibu meza yangu ilitazamana na yake. Sote tulimwita Mzee. Alikuwa Mhindi wa Parklands, mzaliwa wa Nairobi na mtoto wa mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kiliwashinda wengi wetu tuliojiona ndio wenye lugha. Kazi ikipungua alivuta droo akatoa vibahasha vyake: ndururu na peni za mkoloni zenye tundu katikati, sumuni zilizochakaa, shilingi yenye simba. Alinikabidhi lenzi nami nikatazama. Wenzangu walinitania kwamba nimeacha pesa za walio hai nashughulika na za marehemu. Niliwaacha wacheke.

Ni yeye aliyenitoa kwenye dawati la mapokezi. Aliniona nikirekebisha jumla ya risiti ambayo haikunihusu, akaniambia nikasome uhasibu jioni, na kila nilipohitaji kuondoka mapema alinitetea kwa wakubwa. Hakuwahi kunikumbusha wema huo hata siku moja. Kwa hiyo habari za kustaafu kwake zilipotoka, katikati ya ile miaka ya elfu mbili, nilijiambia kwamba safari hii ni zamu yangu.

Kamati ya kumuaga ilikuwa na mawazo yale yale ya siku zote. Saa ya ukutani. Blanketi nzito. Mmoja alitaja tangi la maji, kana kwamba Mzee anahamia shambani. Nikasimama, na nikisimama mimi huwa nina hasira kidogo hata pasipo sababu, nikawaambia tutakuwa watu wa ajabu tukimpa saa mtu ambaye ametufundisha sote kufika kazini kwa wakati. Nikawaambia tumnunulie seti ya pruf.

Wakauliza pruf ni nini. Niliwaeleza jinsi Mzee alivyonieleza. Hizo ni sarafu ambazo hazikutengenezwa za kununulia sukari. Kiwanda huzipiga polepole, zaidi ya mara moja, kwa vyuma vilivyong'arishwa, na uwanja wa sarafu hutoka ukiwa kioo kitupu huku picha imesimama juu yake nyeupe kama chumvi. Zilitengenezwa chache, zikawekwa kwenye kasha, zikapewa wakubwa au watu wa kukusanya. Siku moja nilikuwa nimemuuliza Mzee kama amewahi kuiona seti nzima ya Afrika Mashariki. Alirudisha vibahasha vyake drooni kimoja kimoja kabla ya kunijibu.

"Hiyo ni kitu mtu anashika mara moja kwa maisha, mama," akasema. "Ikienda, imeenda."

Mimi nilisikia hamu ya mtu aliyenyimwa. Nikaiweka moyoni. Nilitaka siku ya kuagwa kwake ajue kwamba miaka yote aliyokuwa akiongea, kulikuwa na mtu aliyesikiliza. Kamati ikakubali, mkurugenzi akasema tutatumia kadi yake ya benki kwa kuwa wauzaji wa mtandaoni hawakuwa wakijua njia nyingine ya kulipwa, na mimi nikateuliwa mtaalamu.

Nilijifunza huo utaalamu mjini, kwenye saiba moja ya intaneti karibu na Barabara ya Kimathi, nikitoka kazini. Siwezi kusema uongo, niliufurahia. Picha zilishuka kwenye kompyuta kwa mistari, simba akianzia masikioni, nami nikasubiri nikiwa nimekaza macho. Nilijua la kutafuta. Sarafu ya pruf ikishikwa na kidole, alama ya kidole haitoki tena. Ikifutwa kwa kitambaa, hata cha hariri, kioo chake hupata mikwaruzo myembamba ambayo huioni mpaka mwanga uje wa upande. "Sarafu haioshwi," Mzee alikuwa akiniambia. "Hata ikiwa chafu namna gani. Ukiisugua umeiua." Ndiyo maana watu huzipeleka kwa kampuni za kupima, zikaangaliwa, zikapewa alama, na kila moja ikafungiwa ndani ya plastiki ngumu yenye lebo na namba yake.

Seti ya kwanza niliyoipata ilipigwa picha kwa kuinamishwa, na anayeinamisha sarafu anaficha kitu. Nyingine ilikuwa mchanganyiko, shilingi ya mwaka mmoja na sumuni ya mwaka mwingine, seti ya kuunganishwa. Nyingine bei yake ilikuwa tamu mno, na nilipoingiza namba za lebo kwenye tovuti ya waliopima, hazikujulikana. Nikaondoka pale saiba nikijisifu moyoni. Nilitamani sana Mzee angeniona.

Kisha nikaipata yenyewe. Muuzaji alikuwa Uingereza, na wanunuzi wake wa miaka mingi walikuwa wamemwachia sifa. Namba za lebo zilikubali zote. Nililinganisha picha zake na picha za waliopima, kidoa kwa kidoa, karibu na mkia wa simba na chini ya ncha ya taji, na zikawa ni sarafu zile zile. Vioo vilikuwa safi. Na juu ya hayo yote, sarafu zilikuja pamoja na kasha lake la zamani, la ngozi nyekundu, tupu sasa kwa kuwa sarafu zenyewe zimo kwenye plastiki, lakini lenyewe hasa, siyo la kubahatisha.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ndani ya kifuniko cha kasha, kwenye kitambaa cheupe cha satini, kulikuwa na madoa. Madoa mekundu, mengine yameelekea hudhurungi, yamejipanga kwa mstari. Nikahofia ni kutu. Kutu maana yake ni unyevu, na unyevu ukiwa ulifika kwenye kasha wakati sarafu zimo ndani, basi ule uzuri wa kwenye picha unaweza kuwa na ugonjwa usioonekana. Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwa adabu kwamba madoa ni ya zamani, hayakugusa sarafu, na kwamba mwenye seti wa kwanza alikuwa mtu wa Nairobi.

Nilipiga meza kwa furaha hadi mwenye saiba akanitazama. Mtu wa Nairobi! Niliona ni dalili ya ukweli, na zaidi ya hapo niliona ni baraka, kwamba sarafu zinarudi nyumbani. Halafu nikafanya jambo lililonipa sifa kwenye kamati kwa wiki nzima. Nilimwambia muuzaji kwamba kasha ni chafu, na kwa uchafu ule apunguze. Akapunguza.

Kifurushi kilipofika nilikichukua Posta kuu, nikaenda nacho nyumbani Kangemi kwa sababu ofisini Mzee angekiona. Sarafu zilikuwa jinsi nilivyotarajia, na hata zaidi. Niliziegemeza dirishani nikazitazama bila kuzitoa kwenye plastiki. Kasha ndilo lililoniudhi. Kwenye picha madoa yalivumilika, lakini mkononi yalikuwa yanakera. Nilijiuliza ni mtu gani huyu alikuwa na kitu cha thamani hivi akakiachia uchafu.

Mimi kwetu ni Kitui. Nimekua nikioga kwa kopo moja, na tangu nipate mahali penye mfereji sijaacha kuosha vitu. Jumamosi asubuhi nilitoa beseni nje, nikachanganya maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nikaongeza kidogo dawa ya kutoa madoa tuliyotumia kwa sare za shule. Nilitumia mswaki mpya. Sikutaka kuilowesha ngozi, kwa hiyo nilifanya kazi polepole, satini peke yake, nikikausha kwa kitambaa kila baada ya muda. Maji yalitoka mekundu kwanza, kisha waridi. Jirani yangu alipita na ndoo akasema nina subira ya ajabu. Kufikia mchana kitambaa kilikuwa cheupe, na mimi mgongo umeniuma, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kitu kwa mikono yake.

Tulimuaga Ijumaa alasiri, kwenye ukumbi wa chakula wa ofisi. Kulikuwa na sambusa, soda, keki, na hotuba ndefu kuliko zilivyostahili. Mkewe alikuja naye, mama mwembamba mwenye sari ya buluu, ambaye kabla ya hapo nilikuwa nimemsalimia mara chache tu kwenye ngazi. Dada mmoja wa idara ya madai ndiye aliyeshika kipaza sauti, na ulimi wake hauna kituo.

"Mzee, hapa kwetu zawadi haiendi nyumbani ikiwa imefungwa!" akasema. "Watu wanataka waone doo zao zimeenda wapi! Fungua!"

"Fungua! Fungua!" ukumbi wote ukaitikia.

Nilikuwa nimefunga sarafu peke yazo na kasha peke yake, ili kasha liwe la mwisho. Mzee akafungua sarafu. Aliinua ile ya shilingi kwenye mwanga, na uso wake ukawa wa mtoto. Nikaitwa nieleze. Nikaeleza yote, alama, namba, vioo, jinsi nilivyowakwepa matapeli wa mtandaoni. Niliongea mpaka nikajisikia ninavyoongea. Watu wakapiga makofi, Mzee akanitazama kwa macho yaliyolowa, na kama siku ingekwisha pale ningekuwa na kumbukumbu nzuri kupita zote za maisha yangu ya kazi.

Kisha akafungua kasha.

Alichana karatasi, akaona ngozi nyekundu, mkono ukasimama. Alilitazama upande wa bawaba. Hakulifungua. Alilishusha mezani taratibu na kuliwekea viganja viwili juu, na mimi nikafikiri amezidiwa na furaha. Mkewe ndiye aliyenyoosha mkono akalivuta kutoka chini ya viganja vyake. Akalifungua. Akapitisha kidole kwenye satini, toka upande huu hadi upande ule, akarudia tena. Akaliinua karibu na pua.

"Hii ni nani aliosha?" akauliza. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Ni huyu wetu wa uhasibu!" dada wa madai akadakia. "Amesugua kwa mikono yake mpaka ikakuwa mpya! Simama mama wakuone!"

Nikasimama. Nikainua mkono. Watu wakapiga makofi tena, na mimi nikatabasamu kwa yule mama, nikingoja asante yangu.

Hakutabasamu. Kisha akamgeukia mumewe akamuuliza neno moja kwa Kigujarati, fupi, na Mzee akatazama meza. Mkewe akafunga kasha, akalitia kwenye mkoba wake, akashukuru watu wote kwa heshima kubwa. Keki ikakatwa. Nilikula kipande changu bila kujua ninakula nini.

Mzee aliniita kwenye maegesho ya magari, mkewe akiwa tayari ameketi ndani ya gari na dirisha limefungwa.

"Hiyo kasha ilikuwa yangu," akasema. "Na hizo sarafu pia."

Baba mkwe wake ndiye aliyewapa seti hiyo siku ya harusi. Kila mwaka, Diwali ikikaribia, ile jioni ya kuombea mali ya nyumba, kasha lilitolewa kabatini, na kidole kikachovya unga mwekundu wa ibada kikaweka alama moja ndani ya kifuniko. Miaka yao ya ndoa ilikuwa pale kwenye satini. Halafu mtoto wao akawa chuoni ng'ambo, mishahara yetu ikachelewa kwa miezi, nami nilikumbuka miezi hiyo, na Mzee akauza seti kwa mtu wa Uingereza kimya kimya. Alitaka abaki na kasha. Mnunuzi akakataa, kwamba seti bila kasha lake ni nusu seti. Nyumbani akasema ameipeleka benki kwa kuhofia wezi. Mkewe hakubisha. Kila Diwali alimfungia mumewe unga kidogo kwenye karatasi, aende akaweke alama hukohuko benki kwa niaba yake.

"Nilikuwa nauleta hapa," Mzee akasema. "Naweka kwa mlango ya sefu yetu."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Sefu ya ofisi ilikuwa nyuma ya kiti changu. Alama zile nyekundu nilikuwa nimeziona kila siku ya kazi kwa miaka, nikamwonya hata mama wa usafi asiziguse, kwamba ni mambo ya dini ya Mzee. Alama zile zile, za ukubwa ule ule, nikazikuta kwenye picha pale saiba, nikaziita kutu. Nilikuwa nimeangalia mkia wa simba kidoa kwa kidoa. Nilijua kulinganisha. Sikulinganisha hilo moja, kwa sababu kwenye akili yangu lililokuwa na thamani ni kile kilichopewa alama na wazungu na kufungiwa kwenye plastiki, na mengine yote yalikuwa ya kufutwa.

"Nisamehe, Mzee," nikasema. Lilikuwa neno dogo sana.

"Wewe hukujua. Mimi ndio nilijua," akasema. Alitazama gari. "Lakini mngenipa tu blanketi, mama."

Nilikaa wiki kadhaa bila kulala vizuri. Ofisini walinisifu bado, na kila sifa ilinichoma, kwa kuwa sikuweza kuwaambia ukweli bila kumvua Mzee nguo mbele yao. Mwishowe nikachukua chupa ya asali iliyotumwa kutoka kwetu, nikaenda Parklands siku ya Jumapili bila kuitwa. Nilisimama getini muda mrefu kabla ya kubisha. Mzee alikuwa barazani na gazeti. Alinisalimu, akarudi kwenye gazeti lake, na niliona wazi kwamba hilo gazeti lilikuwa ndiyo nyumba yake siku hizo.

Mkewe alinikaribisha sebuleni akaniwekea chai ya tangawizi. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikasema kwamba tulitaka kumfurahisha Mzee, kwamba ilikuwa siri ndiyo maana sikuuliza mtu, kwamba sikujua seti ni ya kwao. Aliniacha nimalize.

"Kuuza, hiyo ni ya mimi na yeye," akasema. "Tutaongea mpaka tuchoke. Hiyo usibebe. Lakini wewe uliosha kwa sababu uliona ni uchafu."

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya uongo. "Ndiyo, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira, na hasira ningeipenda zaidi. Alisukuma sahani ya vitafunio vya chevda karibu nami. Nikatazama mikono yangu kwenye mapaja, hii iliyoshika mswaki.

"Kwa kompyuta, kwa picha," akasema baadaye, "ulikuwa unaziona zote?"

"Zote, Mama. Zilikuwa kwa mstari."

"Ya kwanza si mimi niliweka. Ni baba yangu, siku ya harusi. Kidole yake ilikuwa kubwa, alikuwa fundi ya mbao kabla ya duka. Alikufa mwaka huo huo." Akaweka kikombe chini. "Ilikuwa inaonekana?"

Niliikumbuka. Ilikuwa pembeni kabisa, pana kuliko nyingine, imebonyezwa kwa nguvu hata satini ikaingia ndani. Ndiyo niliyomtajia muuzaji ili apunguze bei.

"Ilionekana vizuri, Mama."

"Na wakati uliosha, ilitoka upesi?"

Ningeweza kumwambia sikumbuki. Nilitaka sana kumwambia hivyo.

"Hapana," nikasema. "Zile zingine zilitoka. Hiyo ilikataa. Niliirudia mara nyingi, nikaongeza dawa, bado ikakataa, ikatoka ya mwisho kabisa. Hiyo ndiyo iliniumiza mgongo."

Akanitazama usoni.

"Hiyo ni yeye kabisa," akasema. "Baba yangu alikuwa hivyo." Akafunika uso kwa ncha ya sari yake akalia, na kule barazani nikasikia gazeti likikunjwa.